Gari Alilolichukia Verna

Siku walipomzika Chet Nowicki, mjane wake hakuketi na waombolezaji. Aliwaacha katika ukumbi wa kanisa wakila soseji na kabichi, akarudi nyumbani peke yake, akafungua mlango wa gereji, akalivua gari turubai lake, akalitemea mate kwenye kioo cha mbele. Kisha akasimama akiyatazama mate yanavyoteremka taratibu juu ya kioo ambacho marehemu alikisugua kila Jumapili kwa kitambaa laini kuliko taulo lolote lililowahi kuingia nyumba ile.

"Sasa tumebaki wewe na mimi," akaliambia. "Tuone nani atamtoa mwenzake."

Hayo Verna alitusimulia mwenyewe baadaye, na hakucheka alipotusimulia.

Lilikuwa gari la mwaka wa sabini, la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, rangi yake buluu iliyokolea, na mistari miwili myeupe mgongoni. Zama zile viwanda vyetu vya Michigan viliunda magari ya watu wenye haraka, watu wasiojali petroli inauzwaje. Injini yake ilikuwa ya silinda nane, kubwa kupita kiasi, na ilipowashwa vikombe vilicheza kabatini nyumba ya tatu. Chet alilinunua kwa mishahara yake ya kwanza ya kiwanda cha kuyeyushia chuma, hapa hapa Saginaw, kabla hajamwoa Verna. Kila mwanamume wa rika lake mtaani kwetu aliwahi kuwa na gari la namna hiyo, au alilala akiliota. Wengine waliyauza walipopata watoto, wengine waliyakunja kwenye miti, na mengine yaliliwa na kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. La Chet lilibaki. Ndiyo maana watu walisema: Nowicki hakujaaliwa mtoto, lakini amejaaliwa gari.

Verna alilichukia tangu majira ya baridi ya mwaka wa themanini na mbili. Kiwanda kilikuwa kimewafukuza nusu ya wafanyakazi, Chet akiwa mmoja wao, na ndugu wa pekee wa Verna, Royce Teeple, alikuwa amekamatwa kwa kuvunja duka la matairi. Hakimu aliweka dhamana ambayo ukoo mzima wa Teeple usingeweza kuitoa hata kama ungeuza sufuria. Verna alipiga magoti jikoni, si kwa mfano, bali magoti hasa, juu ya sakafu ya baridi.

"Uza gari, Chet. Ni damu yangu ile."

Chet alikuwa akipaka mkate siagi. Hakuinua macho. "Kwa Royce sitoi hata senti ya kununulia kamba ya kujinyongea."

Juma lililofuata Royce alitoka. Mama yao alisema tu kwamba Mungu amefungua mlango, na Verna akaelewa kwamba kikongwe yule amekomba akiba yake yote. Haikupita hata miezi miwili, Royce akaruka dhamana na kutokomea kusini. Habari zake za mwisho zilikuwa za kifo chake, huko Texas, kando ya barabara. Fedha ya dhamana ikapotea. Mama yao akafa mwaka uliofuata, katika nyumba yenye baridi. Na wakati wote huo gari la buluu lilikuwa limelala gerejini chini ya turubai lake, limeshiba na kupendeza.

Verna hakumwacha mumewe. Alimpikia, alimfulia, alilala upande wake wa kitanda. Lakini kuna ndoa ambazo huendelea kama saa ya ukutani katika nyumba iliyohamwa: mishale inazunguka, na hakuna anayeitazama. Kwa miaka thelathini na ushei alimimina kahawa kikombeni mwa Chet bila kumwuliza kama inatosha.

Kisha Chet akaugua mapafu, kama walivyougua wengi wa kiwanda kile, na ugonjwa ukala kila kilichokuwapo. Kodi ya majengo haikulipwa mwaka wa kwanza, haikulipwa wa pili, haikulipwa wa tatu. Alipofariki, deni na adhabu zake vilikuwa vimekaribia dola elfu tisa, na ofisi ya kaunti ikaarifu kwamba Machi ikiisha bila malipo, nyumba itachukuliwa. Bima ya maisha ya Chet ilileta elfu sita. Iliyobaki ilikuwa chini ya turubai.

Ndivyo gari lilivyofika kwa Lyle Bouchard, likivutwa kwa mnyororo, mwezi wa Novemba.

Gereji ya Lyle ilikuwa mwisho wa mtaa, jengo la matofali lenye jiko la mafuta katikati na rundo la matairi pembeni. Lyle alikuwa rafiki wa Chet tangu walipokuwa vijana. Walianza kazi kiwandani juma moja, wakafukuzwa siku moja. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mke kama Verna alivyofiwa na mume, mwenye mikono ambayo sabuni ilikwisha kuikatia tamaa. Alilala chini ya gari asubuhi nzima, akitoka tu kubadilisha balbu ya taa. Alipomaliza alijifuta, akajifuta tena.

"Niambie ukweli, Lyle. Limekufa?"

"Halijafa. Ila usiniulize kama linaishi." Akaanza kuhesabu kwa kidole gumba kwenye vidole vingine. "Rejeta imeoza. Pampu ya maji inavuja. Mpira wa nyuma wa injini umekauka, oili yote inakimbilia chini. Kabureta imeganda petroli ya zamani kama asali ya mwaka juzi. Nyaya zimekakamaa, ukizigusa zinavunjika kama tambi. Giaboksi inateleza. Na hapo sijasema habari ya kutu."

"Sema."

"Simama pale upande wa dereva, uangalie chini ya zulia. Utaona viatu vyangu."

Verna alikwenda, akainua zulia, akaona tundu, na chini yake sakafu ya saruji. Akalirudisha zulia polepole, kama mtu anayemfunika maiti.

"Liuze kama lilivyo, shemeji," Lyle akasema. "Tena usiende mbali. Nitakupa elfu tano mwenyewe. Leo hii."

"Elfu tano?" Verna akageuka. "Nimesoma magazeti ya wauza magari, Lyle. Gari kama hili, mwaka huu, injini hii, linauzwa elfu arobaini."

"Likiwa zima."

"Basi lifanye zima."

"Shemeji, nisikilize..."

"Nimesema lifanye zima. Ninazo elfu sita za kuanzia. Na usiniite shemeji huku unanitazama kama mwewe anavyomtazama kifaranga. Chet hajaoza kaburini, nawe umeshaanza kuzunguka juu."

Lyle alichukua spana kutoka mezani, akaipima mkononi, akairudisha palepale alipoitoa. Elfu tano kwa elfu sita zingeiokoa nyumba ile na kubakiza akiba. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya. Lakini Verna hakuwa akitafuta kuokoka tu. Alikuwa akitafuta kulipwa. Kwa miaka yote ile gari lilikuwa limemla yeye, na sasa alitaka kulila gari, nyama na mifupa.

Kazi ikaanza. Rejeta ikaja kutoka Ohio, pampu ya maji ikaja na kisanduku kipya kilichonukia mpira. Lyle alizibua kabureta, akaichemsha, akaikusanya upya kipande kwa kipande. Injini ilipopata petroli safi ikaonekana kwamba gasketi za juu zinapitisha maji. Gasketi zilipobadilishwa ikaonekana kwamba valvu zimelika. Valvu ziliposagwa na kukaa sawa, mgandamizo wa juu ukawa mkubwa, na oili ikaanza kutafuta njia mpya ya chini. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia la kufanya pale ufa unapokuwa mrefu kuliko ukuta wenyewe.

Verna alikuja kila asubuhi baada ya misa, akaketi juu ya matairi na koti lake, akilinda fedha yake kwa macho. Mwanzoni alikuja na maneno makali. Kisha akaanza kuja na supu. Alijifunza, bila kutaka, kutofautisha mlio wa mkanda uliolegea na mlio wa beringi iliyokauka. Alijifunza kwamba injini kama ile huwashwa kwa kukanyaga mafuta mara mbili na kungoja, na kwamba mwenye pupa huizamisha kwa petroli akabaki kulaumu betri.

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza hakuwa amejiandaa. Lyle aligeuza ufunguo, ikakohoa, ikapiga mshindo, halafu gereji yote ikatetemeka na kopo la misumari likatembea mezani mpaka likaanguka. Moshi ukajaa. Katika moshi ule mlikuwa na petroli mbichi, oili iliyoungua, na kitu kingine ambacho Verna alikitambua kabla ya kukipa jina: kola ya shati la Chet. Alitoka nje mbio bila koti, akasimama kwenye theluji ameipa gereji mgongo.

Lyle alimfuata baada ya kuizima. "Imekushtua?"

"Moshi," akasema. "Moshi umeniingia machoni."

"Verna... Chet aliwahi kukuambia lolote kuhusu injini hii?"

"Chet aliniambia nisiliguse gari lake. Hilo tu. Kwa nini?"

Lyle aliitazama barabara, juu na chini, kana kwamba anangoja mtu. "Basi tu," akasema. "Ingia ndani, utaugua."

Giaboksi ilifanyiwa kazi Januari. Lyle alisema gharama yake ni dola mia tatu, na Verna alituringia kanisani jinsi alivyomshikilia fundi mpaka akashusha. Februari, walipoinua gari kunyoosha bomba la moshi, jeki ikapenya kwenye chasisi kama kidole kwenye keki. Kutu ilikuwa imekula chuma kutoka ndani, mahali ambapo kitambaa laini cha Jumapili hakikufika. Lyle alichomelea mabati juma zima, akapaka rangi nyeusi juu yake. Siku hiyo Verna alitoa fedha ya mwisho ya bima, akamwekea juu ya meza, na Lyle alikawia kuichukua.

"Bado tunaweza kuacha," akasema.

"Kuacha nini? Nimebakiza nini cha kuacha?"

Mnunuzi alipatikana mwanzoni mwa Machi. Aliitwa Trent Ostrander, mtu wa upande wa magharibi wa jimbo, karibu na ziwa kubwa, ambako watu ni wapole, wasafi na hawapotezi senti. Alikuja akivuta trela refu lenye winchi ya kuvutia mizigo mbele yake. Alivaa glavu nyembamba, akamsalimu Verna kwa kuvua kofia, akampa pole ya msiba.

Alilizunguka gari, akigonga bati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Aliomba liwashwe. Lyle akakanyaga mafuta mara mbili, akangoja, akawasha, na injini ikanguruma vizuri, nzito na tulivu. Ostrander akatabasamu. Verna aliliona tabasamu lile, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba akavuta pumzi mpaka chini. Alikwisha kuipanga elfu arobaini ile kichwani: kodi, paa, jiwe la kaburi, na labda safari moja ya mahali penye joto.

"Zima, tafadhali," Ostrander akasema. Akainama ndani ya boneti na tochi. Akakaa humo kitambo.

"Nani ameisafisha injini hii?"

"Mimi," Lyle akajibu.

"Kazi nzuri. Naweza kula juu yake." Tochi haikusogea. "Ila hapa umepasahau."

Palikuwa na mahali pamoja tu, upande wa mbele wa bloku ya injini, padogo kama kiganja cha mtoto, ambapo grisi ilikuwa imeachwa nene na nyeusi, kana kwamba imepakwa. Ostrander alitoa kitambaa mfukoni, akafuta, akalowesha kwa dawa, akafuta tena. Namba zikatokea kwenye chuma. Alizisoma kwa sauti ya chini, akaenda kwenye kibati cha dashibodi akazisoma zile za huko, akarudi akazisoma tena. Alipoinuka tabasamu lilikuwa limekwenda zake.

"Mama, samahani. Hii siyo injini ya gari hili."

"Vipi siyo? Mume wangu alikuwa nalo tangu nikiwa msichana."

"Huenda gari ndilo. Injini siyo. Ukiitazama kwa nje zinafanana kama mapacha, lakini hii ni ndogo. Imetoka kwenye gari la familia, la kupelekea watoto shule. Mtu anayetoa elfu arobaini, mama, anatoa kwa sababu ya namba hizi kukubaliana. Zisipokubaliana..." Akamtazama Lyle, si kwa hasira. "Nafikiri mna mazungumzo. Nitakuwa nje."

Mlango ukafungwa. Maji ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka paani.

"Iko wapi?" Verna akauliza.

"Iliuzwa."

"Lini?"

"Majira yale ya baridi. Ya Royce."

Verna hakuelewa, au aliyeelewa alikuwa mtu mwingine ndani yake, aliyesimama mbali, akimpungia mkono asisogee. "Royce alitolewa na mama."

"Mama yako alikuwa na nini, Verna? Alikuwa akikopa mafuta ya kupashia nyumba joto. Chet alikuja hapa usiku ule ule uliompigia magoti. Tuliitoa injini mimi na yeye, tukamwuzia mtu wa Detroit aliyekuwa na gari la mashindano. Tukaweka hii, ya gari lililopinduka. Fedha alimpelekea mama yako mkononi, akamwapisha."

"Lakini alisema... Alisema hata senti ya kamba."

"Ndivyo alivyosema, ndiyo. Alikuwa na mdomo mbaya."

"Kwa nini hakuniambia?"

Lyle aliuegemea ukuta. "Nilimwuliza hivyo hivyo, injini ikiwa inaning'inia kwenye mnyororo, pale pale uliposimama. Akasema: 'Akijua ni mimi, itabidi anishukuru. Na yule mpumbavu akikimbia, itabidi aniombe radhi. Sitaki mke wa kunishukuru wala wa kuniomba radhi. Bora anikasirikie. Hasira ataizoea.'"

Verna aliketi juu ya matairi yake. Aliitazama mikono yake, akaona imeshika mkoba kwa nguvu, akajaribu kuilegeza, ikakataa.

"Na kusugua kule?" akauliza. "Miaka yote ile alikuwa akisugua nini?"

"Hilo hakuniambia. Wala mimi sikumwuliza."

"Ungenieleza, Lyle. Novemba ungenieleza."

"Nilimwahidi. Nikajiambia nitalinunua mwenyewe, fedha utapata, na siri itakaa ilipo. Ukaniita mwewe." Alisema bila lawama, kama anayetaja hali ya hewa. "Baadaye nikajiambia huenda atakuja mnunuzi asiyejua kutazama. Huo ndio ujinga wangu."

Verna akainua kichwa. Kitu kama tumaini, dogo na la aibu, kilipita usoni mwake. "Nipe basi zile elfu tano. Lichukue leo. Nitakwenda kwa watu wa kaunti, nitaomba waniongezee muda wa..."

Lyle alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake. "Zimo humo, shemeji," akasema, akiliashiria gari kwa kidevu. "Giaboksi haitengenezwi kwa mia tatu. Hakuna mahali popote duniani. Wala gasketi, wala valvu. Chuma chote kile cha chini ulifikiri nakiokota?"

Wote wawili walikuwa wamejimimina ndani ya kitu kile kwa miezi minne, kila mmoja kwa sababu yake, kila mmoja akimficha mwenzake, na sasa kilikuwa kimesimama baina yao kinang'aa, hakina thamani.

Kilichomrudia Verna wakati ule hakikuwa Royce. Ilikuwa siku moja ya Agosti, ya mwisho mwisho. Chet alikuwa amelazwa chumba cha mbele, mrija wa hewa puani, hawezi tena kufika gerejini. Alimwomba kitu, na Chet hakuwa mtu wa kuomba. Alisema: "Verna, niwashie gari. Dakika moja tu, hata kama litakohoa, nilisikie." Naye alikwenda mpaka kwenye korido, akasimama pale akiwa amekunja mikono, kisha akarudi akamwambia betri imekufa. Chet alimtazama, akasema, "Haya." Hakuomba tena. Alijua kwamba betri ni nzima. Aliichaji mwenyewe juma lililotangulia kuzidiwa kwake. Verna naye alijua kwamba anajua, na siku ile hilo lilimpa raha.

Sasa angeliwasha. Angeliwasha mpaka tangi likauke. Lakini hakuna kaunti inayoongeza muda wa aina hiyo.

Ostrander alirudi akipiga viatu chini kuvikung'uta theluji. Alikuwa mtu mwema kwa kadiri biashara inavyoruhusu. Alisema bodi ni ya kweli, viti ni vya kweli, vioo ni vya kweli; lakini ameitazama chasisi pia, na kazi ya fundi ni nzuri ila haiwezi kumrudisha aliyekwisha kwenda. Angelitumia kama vipuri. Angeweza kutoa elfu nne.

"Vipuri," Verna akasema.

"Ndiyo, mama. Milango itapata gari lake. Viti vitapata gari lake. Hakuna kitakachotupwa."

Elfu nne haikomboi nyumba inayodaiwa elfu tisa. Ila inalipa pango la chumba juu ya duka la kuoka mikate, pale karibu na daraja, kwa miezi kadhaa, na mwanamke wa miaka sitini na minne huanza na miezi kadhaa. Lyle alisema afikirie mpaka kesho. Verna akasema kesho gari litakuwa na ugonjwa mwingine.

Wakapeana mikono. Noti zikahesabiwa juu ya meza, kati ya spana na bakuli la supu lililopoa.

Ostrander hakutaka liwashwe tena; alipenda kulipandisha kwa winchi, polepole, asije akachubua rangi. Akafunga kamba ya chuma chini ya pua ya gari, akaeleza kwamba panahitajika mtu mmoja ndani, wa kunyoosha usukani na kukanyaga breki mpaka atakapoambiwa aachie. Lyle alikwenda mlango wa dereva. Verna akamshika mkono wa shati.

"Nitakaa mimi."

"Shemeji, hujawahi..."

"Najua kwamba sijawahi."

Alipanda. Kiti kilikuwa kimebonyea mahali pa mtu mwingine, mpana zaidi yake, naye akateleza mpaka akakaa ndani ya bonde lile. Miguu haikufika vizuri. Ilibidi asogee mbele na kuushika usukani kwa mikono miwili. Kioo cha mbele kilikuwa safi kabisa. Kwa kukipitia aliuona mtaa wetu jinsi ambavyo hakuwahi kuuona, kutoka chini, juu ya boneti ile ndefu ya buluu: nyumba zilizofungwa mbao madirishani, bomba la kiwanda lisilotoa moshi, na sisi majirani wachache tuliotoka na makoti yetu kuja kutazama, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kutazama siku ile.

Ostrander akabonyeza kitufe, winchi ikavuta ulegevu wa kamba, ikanyooka. Akainamia dirishani.

"Haya, mama. Achia breki."

Verna alikuwa ametazama mbele.

"Mama? Achia breki, tafadhali."

"Bado," akasema.

Ostrander aligeuka kumtazama Lyle. Lyle alikuwa akijifuta mikono, kidole baada ya kidole, na hakuinua uso. Kamba ikakaza zaidi, ikatoa mlio mwembamba kama wa nyuzi, na gari likakaa pale pale.